Magadi Yaliyomo Ndani ya Damu Yako

Nenda jikoni ukachukue chembe ya magadi, yale tunayopikia maharage na kisamvu. Kamulia ndimu juu yake. Umeona? Povu linatoka. Magadi yamepunguza ukali wa ndimu, na hewa imetoka.

Jambo kama hilo linatendeka ndani ya damu yako sasa hivi, unaposoma gazeti hili.

Mwili hufanya kazi usiku na mchana. Kazi hiyo huacha taka zenye ukali. Ukali huo huitwa asidi. Wataalamu huupima kwa namba, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Ndimu ni kama 2. Damu ya mtu mwenye afya ni kati ya 7.35 na 7.45. Nafasi hiyo ni ndogo sana. Damu ikishuka chini ya 7, mtu yumo katika hatari ya kufa.

Ni nani anayeilinda damu? Kwanza, damu yenyewe ina kitu cha jamii ya magadi, jina lake bikaboneti. Hicho huipooza asidi. Hewa inayotokea, ambayo ndiyo ile ile ya povu la jikoni, huenda mapafuni, nawe unaitoa kwa pumzi. Ukipanda mlima na mzigo wa kuni unahema, sivyo? Pamoja na kuvuta hewa safi, unaitoa hewa hiyo chafu. Mapafu hufanya kazi hii kwa dakika chache. Mafigo nayo hutoa asidi kwa mkojo, lakini kazi yao huchukua saa nyingi, hata siku.

Sasa mtazame mtoto anayeharisha. Hapotezi maji tu. Anapoteza pia chumvi na bikaboneti. Maji yakipungua sana, hata mafigo hayapati damu ya kutosha kufanya kazi. Damu inakuwa kali. Yanabaki mapafu. Basi mtoto anahema haraka na kwa nguvu, kama aliyekimbia, na wala hakohoi. Wengine hudhani ni baridi, wakamfunika blanketi na kungoja asubuhi. Usingoje! Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo.

Lakini usifike huko. Mtoto akianza tu kuharisha, koroga unga wa ORS katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Soma pakiti, nyingi ni za lita 1. Unga huo una sitreti, chumvi inayotokana na asidi ya ndimu. Ajabu ni kwamba mwili huigeuza ikawa bikaboneti! Magadi ya jikoni usimpe kabisa, yatamuunguza.

Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Endelea kumnyonyesha. Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki, naye atavimeza kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Na mkiwa njiani kwenda zahanati, kama bado anaweza kunywa, beba kikombe na kijiko, uendelee kumpa.