Mtumbwi wa Bumbire: Kutoka mkuku hadi kwa mkaguzi

KATIKA Kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, chombo cha usafiri ambacho mtu huweza kujengewa mlangoni pake si gari, bali ni mtumbwi wa mbao. Siku unaposhushwa majini, uhai wa wavuvi kadhaa huwa mikononi mwa fundi aliyeuunda.

Kazi huanza kwa mkuku, gogo lililonyooka linalobeba chombo chote kutoka omo hadi tezi. Juu yake hufuata mataruma na mbao za ubavuni. Mvule ndio unaosifiwa zaidi kwa kustahimili maji, ila umeadimika na bei yake si ya mvuvi mdogo. Ubao mbichi ni rahisi kuupata, lakini hasara yake huchelewa kuonekana: hukauka, husinyaa, na viungo vikafunuka. Viungo hukalafatiwa kwa pamba inayoshindiliwa kwa tindo, kisha chombo hupakwa rangi.

Mtumbwi mpya huvuja, hata ukiwa umeundwa vyema. Mbao zinahitaji kunywa maji na kuvimba ili zibanane. Kwa hiyo ni busara kuuacha ukielea siku kadhaa karibu na ufukwe kabla ya kumwita mkaguzi, kwani uvujaji unaoendelea baada ya hapo ni kasoro ya kweli.

Usalama wa vyombo vya majini ulikuwa chini ya SUMATRA hadi mwaka 2018, jukumu hilo lilipohamia kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Leseni ya uvuvi ni jambo jingine, linalotokana na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Anayejiandaa kwa ukaguzi hana budi kuondoa mbao za sakafu ili mkuku na misumari vionekane. Aliyeziacha humtia mkaguzi shaka hata kama hafichi kitu. Injini iwe imefungwa imara, na majaketi okozi yawe sawa na idadi ya watu, si mawili ya kuonyesha tu.

Ukali huu una sababu. Usiku, pepo kutoka nchi kavu hukutana katikati ya Ziwa Victoria na kuzaa ngurumo na dhoruba, na wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku huohuo, wakitumia taa kwenye giza lisilo na mwezi. Uzito nao huua hata penye utulivu: kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, na watu 228 wakafariki dunia. Mtumbwi uliojazwa dagaa hadi ubavu ukaribiane na maji hauhitaji hata dhoruba. Wimbi la boti inayopita latosha.

Upo wa kufulia maji nao usisahaulike. Mara nyingi huwa ni dumu lililokatwa, na ufungwe kwa kamba ndani ya chombo, kwani usiofungwa ndio unaoanza kuelea mbali.