Bahasha ya Dawa Iletwe Kongamanoni

Ukinunua vidonge katika duka la dawa sokoni Naitiri, kama ilivyo kwingi nchini Kenya, muuzaji huvitia katika bahasha ndogo na kuandika juu yake 1x3. Mteja anayesikia huongezewa maelezo ya mdomo: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, na ule kwanza. Kiziwi huondoka na zile tarakimu peke yake. Na hata mkalimani akiwepo, akionyesha moja kisha tatu, atakuwa ameyahamisha tu maandishi kutoka kwenye karatasi hadi kwenye vidole. Mgonjwa anaweza kufika nyumbani akameza vidonge vitatu kwa mkupuo. Ndiyo maana naamini kwamba warsha inayotolewa katika kongamano la wakalimani wa lugha ya ishara ingefaa ianzie kwenye bahasha hiyo, na iongozwe na kiziwi na mkalimani wakiwa bega kwa bega.

Sheria haina kasoro kubwa upande wa ukalimani. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya (ibara ya 7), inaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge (ibara ya 120), na inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo (ibara ya 50). Lakini ushindi huo umetuzoesha kumwona mkalimani ndani ya kile kisanduku cha pembeni mwa televisheni, akifuata hotuba ambayo hakuna anayeikatiza. Kazi ya Naitiri, au ya mahakama ya Kimilili, haifanani na hiyo. Pale mazungumzo huenda na kurudi. Kadi ya hospitali imeandikwa Kiingereza, daktari anauliza kwa Kiswahili, nyanya aliyemleta mgonjwa anajibu kwa Lubukusu, na mgonjwa mwenyewe, kama hakupata shule ya viziwi, ana ishara za nyumbani zinazoeleweka na watu wa boma lake tu. Mkalimani aliyefunzwa kwa hotuba peke yake atakwama kabla hajajua mgonjwa anaumwa wapi.

Hapo ndipo kiziwi anapohitajika, na si kwa kuonewa huruma. Katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela jijini Johannesburg, tarehe 10 Desemba 2013, mtu mmoja alisimama jukwaani kando ya marais kama mkalimani, akizungusha mikono bila maana. Wenye kusikia waliokuwa uwanjani waliona kazi inaendelea. Viziwi wa Afrika Kusini ndio waliosema, papo hapo, kwamba hakuna lugha pale. Ikiwa macho ya kiziwi ndiyo yanayojua kama ujumbe umefika, basi kumwacha nje ya warsha ni kufundisha upishi bila mtu wa kuonja. Tena kiziwi mzoefu huweza kuzielewa ishara za nyumbani ambazo mkalimani anayesikia hazioni, kwa sababu amekua akijieleza kwa watu wasiojua lugha yake.

Wapo watakaosema kwamba mifano ya hospitali na mahakama itavunja siri za watu. Hoja hiyo ni nzito, hasa katika soko dogo ambako kiziwi mmoja anajulikana na kila mtu. Kubadilisha jina hakumfichi. Mwasilishaji asisimulie kisa cha mtu, atunge kisa. Bahasha ya 1x3 haina mwenyewe. Wengine watasema gharama ni kubwa: kutoka Naitiri hadi Nairobi ni karibu kilomita 400, na kiziwi anayewasilisha anastahili malipo sawa na mwenzake. Ni kweli, ila hakuna kanuni inayosema lazima makongamano yawe Nairobi. Chama cha dunia cha wakalimani wa lugha ya ishara, WASLI, kilifanya kongamano lake la kwanza mwaka 2005 katika mji wa Worcester, Afrika Kusini, wala si katika jiji kuu lolote. Ukumbi wa Kitale au Bungoma unatosha, mradi una mwanga mzuri na viti vilivyopangwa nusu duara, ili kila mtu aione mikono ya mwenzake.

Warsha yenyewe haihitaji makubwa. Kiziwi akae kama mgonjwa, ashike bahasha, na washiriki waje mmoja mmoja kumweleza. Yeye asitikise kichwa kwa adabu, bali aeleze alichoelewa: jua likichomoza, kidonge kimoja, jua likiwa utosini, kingine, kabla ya kulala, cha mwisho, na kila mara, sahani ya ugali iwe imetangulia. Akikosa kuelewa, mshiriki arudie. Watakaokuwa wakitafsiri sauti na ishara ukumbini wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi, maana akili huchoka kabla ya mikono.