Mawasiliano na Moduli ya Leza kwa Njia ya Nyaya Mbili: Mfano wa Nyanda za Juu za Kigoma
Moduli ya leza inayochomekwa kwenye swichi ya mtandao wa nyuzi za mwanga husomwa kupitia nyaya mbili: mmoja hubeba data, mwingine mapigo ya saa. Anwani A0h hutoa utambulisho wa moduli. A2h, kwa moduli zinazojipima, hutoa jotoridi, volteji, mkondo wa umeme wa leza, na nguvu ya mwanga unaotumwa na unaopokewa. Mkondo ukizidi kupanda ilhali nguvu inayotumwa haibadiliki, leza inachakaa. Nguvu inayopokewa ikishuka ilhali upande wa pili unatuma kama kawaida, hitilafu aghalabu imo kwenye uzi au viunganishi. Katika kuhudumia maeneo kama Kumsenga, usomaji huo humwezesha fundi kuamua, kabla ya kuondoka Kibondo au Kasulu, iwapo abebe moduli mpya au mashine ya kuungia nyuzi.