Alfa Kwa Bongo, Presha Kwa Roho

Wasee, hii stori inaanza na paka. Miaka ya 60 kule UCLA, Los Angeles, mtafiti anaitwa Barry Sterman alikuwa anafunza paka kutoa wimbi flani ya bongo, ile ya 12 mpaka 15 kwa sekunde. Paka ikitulia tuli, wimbi ikitokea, inapewa maziwa na supu ya kuku. Zilishika rada mbio, si unajua paka na msosi. Baadaye Sterman akapewa kazi ingine kabisa: kucheki vile mafuta ya roketi inaletea viumbe kifafa. Akadunga paka zake. Zile zilikuwa zimepitia mazoezi ya maziwa zikachelewa sana kuanguka, na zingine hazikuanguka kabisa. Hapo jamaa akashtuka. Kufika 1972 akaandika vile hiyo mazoezi ilisaidia binadamu wa kifafa.

Huyo paka ndio babu ya ile kitu siku hizi unauziwa ati itakutoa presha: nyurofidibaki. Fom ni rahisi. Unaketi mbele ya muvi, unabandikwa visahani vidogo kwa kichwa na jeli. Hakuna stima inaingia, usihepe, hizo waya zinaskiza tu. Bongo ikitulia, muvi inawaka poa. Ukianza kuwaza landilodi na deni ya Fuliza, skrini inafifia. Hakuna mtu anakushow ufanye nini. Unatafuta tu hadi muvi irudi, na bongo inajipanga mos mos. Ndio maana wanataka urudi hata mara 20, mara 40, na kila ukirudi unatoa chapaa.

Wimbi yenye ilileta kelele ya kuchill inaitwa alfa, 8 mpaka 12 kwa sekunde. Hans Berger, daktari Mjerumani wa Jena, ndio aliianika 1929. Ukifunga macho tu, inajaa. Mtafiti Joe Kamiya wa Chicago naye akafunza wasee kujua wakiwa ndani ya alfa ama nje, alafu kuiwasha wakitaka. Wengi wakasema wanaskia freshi. Miaka ya 70 Marekani ikaingia boksi mzima mzima: utulivu wa mtawa bila kukaa mlimani!

Alafu 1974 watafiti Martin Orne na David Paskewitz wakaleta ngori. Walichukua watu wameshapita mazoezi ya alfa, wakawaambia: hapa kati unaweza chapwa na stima. Roho zikaanza kudunda, na wenyewe wakakubali wameingiwa na uoga. Na alfa? Ilikuwa tu hapo, haijashuka. Yaani bongo inaweza jaa alfa na bado unatetemeka. Mi ndio maana nikiskia mtu akisema "tunapandisha alfa, wasiwasi inaishia," naguza wolet yangu kwanza.

Na si alfa pekee. 2017 kule Salzburg, mtafiti Manuel Schabus na mbogi yake wakapima nyurofidibaki kwa watu hawapati usingizi. Mazoezi ingine ilikuwa real, ingine feki, na wasee hawakujua wako wapi. Usingizi waliskia imekuwa afadhali pande zote mbili. Feki na real, sare.

Si kusema wale husema wamepona wanadanganya. Kuketi kimya simu ikiwa mbali, mtu akikuchunga kwa upole, kwa hii maisha ya kukimbizana ni raha yenye wengi hatujawahi onja. Shida ni bei. Na zile bendi za kuvaa kwa paji, ujue ukiuma meno tu misuli inaingiliana na hesabu. Kama wasiwasi imekushika hadi huwezi toka keja, tafuta mtaalamu wa kubonga naye. Hiyo njia iko na ushahidi mob kuliko waya. Na kama bado unataka waya, waulize kama walipima na ile feki. Wakianza kuzunguka, beba begi yako usepe.