Udaktari: bei aliyolipa Mukwege, na nauli ya akina mama wa Idjwi

Katika familia nyingi za Bukavu, mtoto akisema anataka kuwa munganga, wazazi hufurahi kabla ya kupiga hesabu. Masomo ni ya miaka mingi, na anayemaliza anaweza kufanya kazi muda mrefu bila kuona mshahara wa serikali. Chama cha madaktari, Synamed, kimeitisha migomo mara nyingi kwa ajili hiyo.

Denis Mukwege, mzaliwa wa mji huo, alilipa kwa namna nyingine.

Angeweza kubaki Ufaransa. Alisomea magonjwa ya wanawake mjini Angers, lakini mwaka 1989 alirudi Lemera, milimani, ambako wanawake walikuwa wakifa kwa kukosa msaada wakati wa kuzaa. Oktoba 1996 vita vikafika huko. Wagonjwa wake waliuawa vitandani, wauguzi nao wakauawa. Yeye hakuwepo siku hiyo. Mwaka 1999 akaanza upya Panzi, nia yake ikiwa kuzalisha akina mama. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi.

Oktoba 25, 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake na kuwashikilia binti zake. Mlinzi aliyejaribu kumwonya aliuawa. Daktari akakimbilia Ulaya pamoja na familia. Kama angebaki huko, nani angemlaumu?

Akina mama wa kisiwa cha Idjwi hawakukubali. Walimwandikia rais wa nchi, wakaandikia pia Umoja wa Mataifa. Kisha wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate pesa ya tiketi yake ya ndege, wao ambao wengi waliishi kwa chini ya dola moja kwa siku. Januari 14, 2013 alirudi, watu wakijaa barabarani toka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini. Wanawake hao wakaahidi kumlinda kwa zamu, 20 kila zamu.

Tuzo ya Nobel ya Amani, aliyopewa mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, ndiyo inayotajwa zaidi. Lakini toka aliporudi, aliishi miaka mingi ndani ya uwanja wa hospitali, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Nje ya geti hakutoka bila kusindikizwa.