Baada ya Pasaka, Mapambano

Sikukuu ya Pasaka imepita. Makanisa yaliyofurika watu yamerudia hali yake ya kawaida, nguo mpya za watoto zimekunjwa, na mabasi yamewarudisha wasafiri mahali pao pa kazi. Tungependa kuwauliza ndugu zetu Wakristo swali moja: je, mfungo wa siku 40 na shangwe iliyoufuata vimewaandaa kwa lipi?

Injili zinasimulia kwamba habari za kaburi tupu hazikuwapa wanafunzi wa Yesu mapumziko. Walijifungia ndani kwa hofu. Tomaso alitaka ushahidi. Petro, ambaye alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu, alirudi kuvua samaki, na huko huko ufukoni akakabidhiwa kazi ya kuchunga kundi. Siku ya Pentekoste walitoka hadharani, na tangu hapo wakakutana na mijeledi, vifungo na mauaji. Kwao, Pasaka ilikuwa mlango wa kuingilia mapambanoni.

Historia ya Afrika Mashariki nayo ina fundisho. Tarehe 16 Februari, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na uonevu. Serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Luwum alikuwa mtu wa sala, na sala hiyo ndiyo iliyompa ujasiri wa kusema.

Miaka miwili baadaye, Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilikombolewa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Profesa Yusuf Lule aliapishwa siku ya Ijumaa Kuu, na Jumapili ya tarehe 15 Waganda wakaadhimisha Pasaka bila utawala wa Amin. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini maduka yaliporwa, serikali ya Lule ikaanguka baada ya siku 68, na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaangamiza maelfu ya watu. Kumwondoa dhalimu ilikuwa kazi moja. Kuondoa chuki, kisasi na tamaa vilivyobaki nyuma yake ilikuwa kazi nyingine, tena ndefu zaidi.

Hapo ndipo mapambano ya roho na mapambano ya dunia yanapokutana. Wako waumini wanaodhani kwamba inatosha kukemea pepo kanisani, huku mambo ya kijiji wakiwaachia wengine. Wako pia wanaodhani kwamba maendeleo hayahitaji dhamiri. Mtume Paulo, aliyewaandikia Waefeso juu ya ngao, chapeo na upanga wa kiroho, alishona mahema kwa mikono yake na kukusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakutenganisha mambo hayo mawili.

Nasi tusiyatenganishe. Muuza maziwa aliyejinyima nyama Kwaresima nzima, kisha akaongeza maji katika maziwa ya wateja wake, amejinyima nini? Karani anayeimba kwaya Jumapili na kudai chai Jumatatu anamtumikia nani? Mweka hazina wa ushirika atakapowekewa bahasha mezani, hapatakuwa na kengele wala umati wa kumtia moyo. Atakuwa peke yake, na pale ndipo itakapojulikana kama mfungo wake ulikuwa mazoezi au mazoea.

Katika vita hivyo Wakristo wasijione wametengwa. Jirani zao Waislamu nao hufunga Ramadhani na kufundishwa kuogopa dhuluma. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kisima kikichimbwa, shule ikijengwa na mwizi wa mali ya umma akifichuliwa, hakuna atakayeuliza ni dini ya nani iliyofaidika.

Kutoka Pasaka hadi Pentekoste kuna majuma saba. Tunawasihi waumini wayatumie kujipima: kila mmoja achague uovu mmoja ulio karibu naye, nyumbani au kazini, aukabili bila kungoja mwingine aanze. Shangwe ya Pasaka itathibitika huko.