Mikono mingi, mwandiko mmoja

Ndani ya redio nyingi mna bamba la saketi. Vijana wetu wa Bunia wanaotengeneza redio wanaweza kuchora mabamba yao wenyewe kwa KiCad, programu isiyolipiwa. Jean-Pierre Charras aliianzisha Ufaransa mwaka 1992. Tangu 2013 CERN imesaidia kuikuza. Wanaoiandika wako nchi nyingi, lakini wanafuata kanuni moja ya mwandiko: mistari ya ndani husogezwa nafasi 4, na mabano hukaa kwenye mstari wake. Hivyo mgeni anaweza kusoma kazi ya mwenzake na kurekebisha kosa. Paulo naye aliwataka Wakorintho wawe na utaratibu, ili wote wajengwe. Tuwafundishe vijana kuandika kazi ambayo mwingine ataiendeleza.